Rika Lililoachwa Harani

Padre aliyetufundisha Kilatini alikuwa na mtindo wa kuchora vita ubaoni. Siku tuliyofika mahali ambapo Julius Caesar, katika kitabu chake cha vita vya Galia, anapambana na kabila la Wahelveti, mwaka 58 KK, alichora ngao mbili zilizopandana ukingoni, kisha akapitisha mstari mmoja wa chaki katikati ya zote mbili. Hiyo, alisema, ni sagai ya Kirumi. Chuma chake ni chembamba na kirefu. Kikishatoboa ngao kinapinda, hakichomoki. Wahelveti walikuwa wamezibananisha ngao zao kama ukuta, na sagai moja ikazishona mbili pamoja. Mtu anavuta mkono wa kushoto, hauji. Anavuta tena. Mwisho anaitupa ngao na kuendelea kupigana kifua wazi. Tulishangilia. Tulikuwa wavulana thelathini na wawili, mwaka 1965, katika seminari ndogo yenye mabati mapya na shamba la kahawa, na hakuna aliyejiuliza kwa nini anawashangilia Warumi.

Ndani ya kitabu hicho hicho yumo kijana mmoja. Caesar mwenyewe anamwita hivyo, kijana. Ni Publius Crassus, mtoto wa Marcus Crassus, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa Roma. Katika vita na Wajerumani wa Ariovistus, Publius aliongoza wapanda farasi. Akaona ubavu mmoja wa Warumi unalemewa, akapeleka safu ya tatu iokoe. Mwaka 56 KK akaitiisha sehemu kubwa ya Akwitania. Sisi wa benchi la nyuma tulimpenda kuliko Caesar. Alikuwa kama kaka zetu wa darasa la mbele, na humo kitabuni hakosei hata mara moja. Kisha kitabu kinamwacha aende zake, mwaka wa masomo ukaisha, tukafunga madaftari. Nilikuwa mwalimu wa historia mwenye watoto watatu nilipokuja kusoma kwa Plutarch, mwandishi wa kale, kilichompata, na tangu hapo sikuwahi tena kuwasimulia wanafunzi habari za sagai bila kuwasimulia habari za mshale.

Mahali penyewe msomaji wa Biblia anapajua. Ni Harani, mji ambao Tera alikaa na mwanawe Abramu walipotoka Uru ya Wakaldayo. Warumi waliuita Carrhae. Leo uko kusini mwa Uturuki, karibu na mpaka wa Shamu, kwenye tambarare ambayo kiangazi chake hakina huruma. Hata adui tunamjua: ni Waparthi, wanaotajwa mwanzo kabisa katika orodha ya mataifa siku ya Pentekoste.

Mwaka 53 KK, Marcus Crassus aliuvuka mto Frati kuwashambulia Waparthi, akiwa na mwanawe Publius, legioni saba, wapanda farasi wapatao 4,000 na askari wepesi karibu idadi hiyo hiyo. Alikuwa amevuka umri wa miaka 60, na Plutarch anasema alionekana mzee kuliko miaka yake. Aliyetumwa na Waparthi kumkabili, Surena, alikuwa hajafika 30. Surena alikuja na wapanda farasi kama 10,000, wengi wao wapiga mishale, pamoja na 1,000 hivi waliovaa chuma wao na farasi zao. Kwa hesabu ya vidole, Waparthi hawakuwa na lao.

Watu husema kwamba pale Harani mshale uliishinda ngao. Mimi nilisema hivyo darasani kwa miaka mingi, na leo nasikitika, kwa sababu ukisema hivyo unamlaumu fundi wa ngao, na fundi wa ngao hakuwa na kosa. Ngao moja ya Kirumi ilifukuliwa Fayum, Misri, mwaka 1900. Ni vibanzi vyembamba vya mbao vilivyogundishwa tabaka tatu, kila tabaka likilikatiza lenzake, juu vikafunikwa kwa sufu ya kondoo. Urefu wake unazidi mita moja na robo. Askari akiishika inamkinga toka bega hadi chini ya goti. Nyuma ya ngao kuna vazi la pete za chuma, kichwani kuna chapeo. Paulo alipowaandikia Waefeso juu ya ngao inayozima mishale alikuwa ameishi miongoni mwa askari wa namna hiyo, na alijua anachokisema. Kinachobaki nje ni kidogo: uso, mkono unapotokeza, mguu.

Upinde nao usiuone mdogo. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Mbulu, na kule bondeni, kuelekea Ziwa Eyasi, jirani zetu ni Wahadzabe. Nikiwa na miaka kumi na minne mzee mmoja wa Kihadzabe alinipa upinde wake niujaribu. Upote ulikuwa wa kano la mnyama, umesokotwa, mgumu kama waya. Nilivuta mpaka bega likatetemeka na upinde haukukunjika hata nusu. Yule mzee akauchukua, akauvuta mpaka shavuni huku anaendelea kuzungumza na kaka yangu, akaachia, na mshale ukazama kwenye shina la mgunga. Tulishindana kuuchomoa, kaka yangu na mimi, tukauvunja. Na ule ulikuwa upinde wa mti mtupu. Wa Waparthi ulikuwa mti, pembe na kano, vyote vimegundishwa pamoja na kukaushwa, mfupi wa kutosha kuugeuza kushoto na kulia juu ya farasi anayekimbia.

Basi weka ngao ile mbele ya upinde huu, uone. Mishale mingi itakwama kwenye mbao. Mingine itateleza juu ya chapeo. Mmoja katika mingi utaona mkono, au mguu. Askari aliyepigwa namna hiyo hafi. Anabaki amesimama mstarini, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Crassus alikuwa ameshauriwa mara mbili. Mara ya kwanza ni Artavasdes, mfalme wa Armenia, aliyemwomba apitishe jeshi milimani kwake, ambako farasi hawana nafasi ya kukimbia na askari wa miguu wana chakula na maji. Alikataa. Mara ya pili ni Cassius, afisa wake, yule yule ambaye sisi Waswahili tunamjua kama mnong'onezaji wa njama katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Cassius alimwambia atandaze safu iwe ndefu na nyembamba, isizungukwe, na wapanda farasi wakae pembeni. Crassus alianza kufanya hivyo, kisha akabadili mawazo na kuwakusanya askari katika umbo la mraba, vikosi kumi na viwili kila upande. Walipofika kwenye kijito, maafisa wengi walitaka wapige kambi, watu wanywe, walale, wajue kwanza adui ni wangapi. Publius na wapanda farasi wake walikuwa na hamu ya kupigana. Mzee ambaye hakumsikiliza mfalme jirani wala afisa wake alimsikiliza mwanawe. Askari walikula wamesimama, wakaongozwa mbele mwendo wa haraka, kwenye jua la Juni.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko wowote. Nina watoto wa kiume wawili, na najua mzazi anavyoweza kuwa jiwe mbele ya watu wote na maji mbele ya mtoto wake mmoja.

Ngoma za Waparthi zilianza kuunguruma kutoka pande zote, ngoma zilizofungwa kengele za shaba. Wale 1,000 wa chuma walikuwa wamejifunika ngozi na majoho. Wakayavua kwa pamoja, jua likawapiga. Hawakushambulia. Waliwaangalia Warumi walivyobanana, wakarudi nyuma, na wapiga mishale wakauzunguka ule mraba kama watu wanaozunguka kichuguu. Mraba unakinga dhidi ya anayekuja karibu. Dhidi ya anayekaa mbali ni shabaha kubwa isiyosogea, na Plutarch anaeleza kwamba Waparthi hawakuhitaji hata kulenga, kwa jinsi watu walivyosongamana. Warumi wakitoka mbio kuwafuata, farasi wanaondoka, na waliokaa juu yake wanageuka kiunoni na kuachia mishale nyuma. Wakirudi mstarini, nao wanarudi.

Bado walikuwa na tumaini moja, na lilikuwa tumaini la busara. Mshale ni kitu kinachoisha. Podo ikimalizika, mpiga mishale ni mtu mwenye kijiti mkononi, na itambidi aje na upanga au aende zake. Kwa hiyo walijikunyata nyuma ya ngao na kuvumilia, wakihesabu. Ndipo walioko pembeni walipowaona ngamia. Surena alikuwa amekuja na ngamia wengi waliobeba mishale, wamesimama nyuma ya mapigano, na kila mpanda farasi aliyeishiwa alikwenda pale, akajaza podo na kurudi. Kama wanafunzi wangu wanakumbuka neno moja tu katika yote niliyowafundisha juu ya vita vya kale, natamani liwe hilo: ngamia. Upinde ule ulikuwapo karne nyingi kabla ya Surena. Aliyefikiria mzigo wa mishale na mahali pa kuushushia ndiye aliyewashinda Warumi siku ile.

Crassus akamtuma Publius awasukume. Alimpa wapanda farasi 1,300, elfu moja kati yao Wagali aliotoka nao kwa Caesar, pamoja na wapiga mishale 500 na vikosi vinane vya miguu. Waparthi wakakimbia. Publius akawafuata mbali sana, na walipokuwa hawaonekani tena na jeshi kuu, waliokimbia wakageuka na wengine wengi wakaungana nao. Wagali, watu waliozoea baridi, wenye silaha nyepesi, walifanya mambo ambayo siwezi kuyasoma bila kusimama. Walishika kwa mikono mikuki mirefu ya wale wa chuma na kuwavuta waanguke. Wengine walishuka kwenye farasi zao, wakatambaa chini ya farasi wa adui na kuwachoma tumboni, farasi akiwaangukia. Publius alipowaamuru askari wa miguu washambulie, walimwonyesha mikono yao iliyopigiliwa kwenye ngao, na miguu iliyoshonwa ardhini na mishale, hawawezi kwenda mbele wala nyuma.

Soma hapo tena. Mkono uliopigiliwa kwenye ngao. Ndiyo ile picha ya padre ubaoni, chaki imegeuzwa upande wa pili, na kijana aliyekuwa Galia na Caesar ndiye sasa anayeangalia.

Waliobaki walipanda kichuguu cha mchanga, wakaweka farasi katikati na kuzibananisha ngao kwa nje. Lilikuwa kosa, na linahitaji mtu aliyewahi kusimama kwenye gwaride juu ya mteremko ili alione upesi. Kwenye uwanja tambarare, aliye mbele anamkinga aliye nyuma. Kwenye mteremko kila mstari unainuka juu ya ule wa mbele, kama viti vya uwanja wa mpira, na hakuna hata mmoja aliyefichika. Wagiriki wawili wenyeji wa Harani walimsihi Publius atoroke nao. Alikataa kuwaacha waliokuwa wanakufa kwa ajili yake. Mshale ulikuwa umepita mkononi mwake na hakuweza kushika upanga, basi alimgeuzia ubavu mbeba silaha wake na kumwamuru achome. Waliokamatwa hai hawakuzidi 500.

Baba yake aliijua habari alipokiona kichwa cha mwanawe juu ya mkuki. Walikileta karibu kabisa na mstari na kuuliza kijana huyu ni wa ukoo gani, maana haiwezekani mwoga kama Crassus akazaa jasiri kama huyu.

Ili nisimwonee mtu yeyote, niseme pia upande wa pili, maana historia imejaa siku ambazo mishale haikufua dafu. Mwaka 490 KK, pale Marathon, Waathene wenye ngao na mikuki waliwaendea Waajemi mbio, umbali unaokaribia kilomita moja na nusu kwa maelezo ya mwanahistoria Herodotus, bila farasi na bila wapiga mishale, wakaingia kifuani mwao. Waathene 192 walikufa, na upande wa pili anahesabu 6,400. Aliyevaa chuma akiweza kufika, upinde unakuwa kijiti. Tena miaka karibu 350 kabla ya Harani, mwaka 401 KK, Wagiriki wa Xenophon walisumbuliwa hivi hivi walipokuwa wakirudi kutoka Babeli. Siku ya kwanza walitembea kidogo mno na kuumizwa sana. Usiku Xenophon alikubali mbele ya wenzake kwamba alikosea kuwafukuza wapanda farasi kwa miguu. Wakawatafuta Warodo waliokuwa katikati yao, wakapata 200 wanaojua kombeo, ambao risasi zao za madini ya risasi zilikwenda mbali kuliko mawe ya Waajemi. Wakakusanya farasi 50 wa mizigo na kuwafanya wa vita. Siku iliyofuata mambo yakabadilika. Xenophon aliyaandika hayo yote, kitabu chake kilikuwapo, na Warumi wenye elimu walisoma Kigiriki.

Kwa hiyo silaha inayorushwa haina uchawi. Inamshinda mwenye silaha nzito pale ambapo amewekwa mahali asipoweza kumfikia anayemrushia, asipoweza kujificha, na asipokuwa na cha kumrudishia. Kila moja kati ya hayo matatu ni uamuzi wa mtu. Askari wa mstari wa nne, kijana wa miaka ishirini kutoka kijiji cha Italia, hakuamua hata moja. Aliambiwa nenda, simama, shika ngao. Akashika.

Rika letu lilifundishwa kusimama hivyo. Baada ya kidato cha sita tulikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, tukapiga kwata saa saba mchana mpaka wengine wakaanguka, na niseme ukweli kwamba niliipenda ile hali ya bega kwa bega, ya kujua kwamba wa kulia kwako hataondoka. Wawili kati ya wale thelathini na wawili wa darasa la Kilatini walibaki jeshini. Walikufa vitani Uganda mwaka 1979, siku moja, kwa bomu lililorushwa kutoka nyuma ya kilima. Aliyekuwa karibu nao aliniambia kwamba toka alfajiri hadi jioni hawakuwa wamemwona adui hata mmoja. Mmoja wao ndiye aliyepiga makofi ya kwanza siku ile ya ngao mbili ubaoni. Ni kwa ajili yake siwezi kuizungumzia Harani kama mtu anayezungumzia bao.

Na sasa mimi ni mzee kuliko Crassus alivyokuwa. Nimekaa kwenye mabaraza, nimeulizwa ushauri, nimewatuma vijana kwenda hapa na pale. Ndiyo sababu usiku ule unanisumbua kuliko mchana wake. Mchana, baada ya kuona kichwa cha mwanawe, alipita mistarini akiwaambia askari kwamba msiba huu ni wake peke yake, na sipati moyo wa kumhukumu. Lakini usiku, Waparthi walipoondoka kwenda kulala, alijilaza chini gizani, amejifunika, peke yake. Cassius na afisa mwingine, Octavius, walikwenda kumwamsha na kumtia moyo, hakuinuka. Wakaamua wao. Jeshi likaondoka kimya kimya, na majeruhi walipotambua kwamba wanaachwa wakaanza kupiga kelele. Asubuhi Waparthi waliwakuta kambini, wasiopungua 4,000, wakawaua. Siku chache baadaye Crassus mwenyewe aliuawa kwenye mazungumzo ya kusimamisha vita. Plutarch anahesabu waliokufa 20,000 na mateka 10,000.

Mwaka 38 KK, pale Gindarus katika Shamu, jemadari wa Kirumi, Ventidius, aliwangoja Waparthi juu ya kilima. Aliwaacha wapande mpaka wakawa karibu, kisha askari wake wazito wakateremka mbio na kuinyima mishale nafasi, na waliobaki mbali wakafikiwa na wapiga kombeo, silaha ile ile ya Daudi. Mwana wa mfalme wa Waparthi, Pacorus, alikufa siku hiyo. Kichwa chake kikazungushwa katika miji ya Shamu. Baba yake, Orodes, ndiye mfalme aliyemtuma Surena, na inasimuliwa kwamba alipopata habari alikaa siku nyingi bila kusema wala kula.

Bado kulikuwa na wale 10,000. Waliokamatwa walipelekwa mbali, Margiana, upande wa Merv katika Turkmenistan ya leo, wakakaa huko. Mwaka 20 KK Augustus alifanikiwa kwa mazungumzo kurudishiwa bendera za legioni za Crassus pamoja na mateka waliokuwa hai. Ilikuwa imepita miaka 33. Aliyekamatwa na umri wa miaka 20 alikuwa na 53. Cassius Dio, mwandishi wa historia ya Roma, anasema kwamba wachache walijiua kwa aibu kabla ya kurudishwa, na kwamba wengine walijificha wasionekane, wakabaki. Nawafikiria hao waliojificha. Wajumbe wanapita kijiji kwa kijiji wakiuliza kwa sauti kama kuna Mrumi hapa, na mzee mmoja yuko nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kivuli, mkono wake wa kushoto una kovu la duara katikati ya kiganja, anamwashiria mjukuu wake anyamaze.